Mjadala: Bima ya afya, mfuko mmoja kwa nchi nzima au kila mtu na kadi yake?

Mkazi wa Nzuguni
Mbukwenyi wadau. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita hapa hapa Dodoma, Novemba 2023, lakini haikuleta mfuko mmoja. Tumezoea mtumishi na NHIF yake (mfuko wa taifa wa bima ya afya), mwanakijiji na CHF (mfuko wa afya ya jamii), mwenye nazo na kampuni binafsi. Naleta hoja: vyote vivunjwe, uwe mfuko mmoja unaojazwa na kodi. Ukiumwa unaingia na kitambulisho cha taifa, unatibiwa, unarudi kwako. Anayepinga aseme kwa nini.

Mtumishi Area D
Napinga mchana kweupe. Mimi nakatwa 3% ya mshahara, mwajiri anaongeza 3%, mwezi hadi mwezi. Leo nichanganywe na mtu ambaye CHF ilipokuwa 30,000 kwa kaya nzima, mwaka mzima, ilimshinda, ila Jumamosi yuko mnadani Msalato na sahani ya mbuzi mbele yake? Hela ya nyama ipo, ya kadi hakuna.

Mkulima Hombolo
Mtumishi, Msalato mimi naenda kuuza mbuzi, siendi kumla. Mnaokaa kwenye vile viti vya plastiki na ndizi za kuchoma ni nyie, mmetoka kwenye semina. Usitupakazie.

Fundi Chang'ombe
Hapo Hombolo kapiga penyewe 😂 Mbuzi wa Msalato angejua kusema tungemuuliza nani kamla.

Mtumishi Area D
Semina ipi? Nina miaka miwili sijaitwa hata semina ya usafi. Mnadhani kila mtumishi wa serikali ni wa posho. Mimi nakopa hadi nauli.

Karani Makole
Tuacheni nyama kidogo. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF? Ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ikasimamishwa 2023, kwa sababu wazazi wajanja walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua, wazima hawakatiwi. Mfuko wowote wa hiari utakufa hivyo hivyo. Lazima wote tuingie, mzima na mgonjwa, ndipo hesabu ikubali.

Mama Nkuhungu
"Wazazi wajanja"? Karani, ulishawahi kukesha na mtoto anatetemeka, mfukoni una elfu saba? Nilimkatia wangu akiwa anaumwa kwa sababu ndiyo siku niliyopewa hela na kaka yangu. Huo ndio ujanja wangu.

Karani Makole
Dada samahani, sikukulenga wewe. Nilisema mfumo.

Mama Nkuhungu
Umeandika wazazi. Mfumo hauna mtoto.

Mzee wa Kikuyu
Enzi za Mwalimu hatukuwa na maneno haya. Tulitibiwa bure na dawa zilikuwepo.

Nesi Mstaafu
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo naomba nikupinge kwa adabu. Bure ilikuwepo, kweli, na hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku 1977. Dawa je? Miaka ya themanini mimi nilikuwa wodini. Bandeji iliyotoka kwenye kidonda tulifua, tukaichemsha, tukaianika kwenye kamba nyuma ya wodi, kesho inafungwa mguu wa mwingine. Hospitali binafsi zikarudishwa 1991, na 1993 kuchangia kukaanza. Bure isiyo na hela nyuma yake nimeifua kwa mikono hii.

Mzee wa Kikuyu
Marahaba. Mimi wakati huo sikuwahi kulazwa, labda ndiyo maana.

Chuo UDOM
Kuna jimbo la Marekani, Vermont, walipitisha sheria ya mfuko mmoja 2011. Gavana Shumlin, aliyeipigania mwenyewe, akaitupa Desemba 2014 baada ya kuona waajiri watakatwa 11.5% ya mishahara na wananchi wapandishiwe kodi ya mapato. Kama wao ilishindikana...

Fundi Chang'ombe
Vermont wana mnada wa mbuzi? Basi tuwaache.

Chuo UDOM
Elimu inapita juu ya kichwa chako kama ndege ya Msalato.

Fundi Chang'ombe
Dogo, kitanda unacholalia hosteli nimekichomelea mimi. Lala vizuri.

Mkazi wa Nzuguni
Jamani, hoja yangu. Sheria yenyewe imetaja kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa nini tusizikuze ziubebe mfuko wote?

Mkulima Hombolo
Pombe? Na mvinyo? Zabibu zetu zikipandishiwa kodi, viwanda vitatushushia bei sisi huku chini. Kwa hiyo mnywaji anatibiwa na mkulima. Mtumishi tena anakaa pembeni.

Mtumishi Area D
Bado uko na mimi tu?

Mama Nkuhungu
Nina swali, msinicheke. CHF niliyokata ilikuwa kaya ya watu sita. Sisi tuko tisa: mimi, watoto wanne, mama mkwe, watoto watatu wa marehemu shemeji. Nikaandika watoto wote saba, nikabaki na nafasi hasi moja, yule kijana wa kuandikisha akaweka kalamu chini akanitazama. Mwishowe nikamwandika mama mkwe na watoto watano. Mwezi wa pili akaanguka mmoja wa wale watoto wawili walioachwa. Dirishani wakanipa bahasha ya kaki ile yenye picha ya jua na mwezi, tupu, juu wameandika jina la dawa nikanunue nje. Huo mfuko mmoja wenu utahesabu watu au kaya?

Mkazi wa Nzuguni
Watu, dada. Kila mtu na namba yake.

Karani Makole
Na asiye na kitambulisho cha taifa? Hao watoto hawajafika miaka 18.

Mama Nkuhungu
Wawili hata cheti cha kuzaliwa hawana.

Mkulima Hombolo
Dada, sisi tuko kumi na moja. Wa kwanza kuachwa ni mimi.