Naomba ushauri: mtoto wa Titan amwiteje mzazi wake?

Mwandika Usiku: Ndugu zangu, salaam. Ninaandika hadithi fupi kuhusu kaya moja ya viumbe waishio ndani ya Kraken Mare, bahari ya methani (gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi) iliyo upande wa kaskazini wa Titan, mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya Zohali. Viumbe hao hawana mume wala mke: watatu huchangia yai moja, na mmoja wao huliatamia. Rafiki aliyesoma rasimu alicheka, akasema hao ni majirani zetu wa Temeke waliovalishwa mikono minane. Nami nilipoisoma upya niliona hakukosea, kwa kuwa nimeweka baba arudiye kazini amechoka, mama jikoni na shangazi mgomvi. Neno "yeye" halinisumbui, maana halichagui jinsia. Yanayonikwamisha ni majina ya ukoo, kwani nikiandika "shangazi" tayari nimesema kwamba yupo baba, naye ana dada. Nifanyeje bila kubuni maneno ambayo msomaji atachoka kuyakariri?

Binti wa Kizingo: Ndugu mwandishi, yaache majina kwanza, utazame ndugu hao wanadaiana nini. Kwetu pwani wapo ndugu wa kunyonya: watoto wasio wa damu moja, lakini walionyonyeshwa na mwanamke mmoja, huwa ndugu kiasi cha kuharamishiwa kuoana. Udugu wao umetokana na chakula. Ukishajua wa viumbe wako umetokana na nini, neno "ndugu" peke yake litaubeba mzigo wote.

Mvuvi Mstaafu: Mimi ningekushauri uchungulie baharini kabla ya kwenda Zohali. Pweza jike huyalinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa hufa, hivyo watoto hawalelewi na mama hata siku moja. Wapo pia samaki wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini afananaye na ua: jike akifa, dume lake hugeuka jike na kushika nafasi yake. Ukiwapa viumbe wako tabia hiyo, yule aliyekuwa baba jana ataitwaje leo? Swali hilo lingenifikisha mwisho wa hadithi kuliko ugomvi wa shangazi.

Mtazama Nyota: Jiko nalo liondoe. Hewa ya Titan ni naitrojeni na methani, haina oksijeni ya kuwashia moto. Na ile nyumba ya barafu inayoelea, ambayo uliitaja katika uzi wako wa awali, ingezama, kwani barafu ya maji ni nzito kuliko methani ya kimiminika. Kitakachokufaa ni majira. Zohali hulizunguka Jua kwa takriban miaka 29, hivyo msimu mmoja huchukua zaidi ya miaka 7, na kaskazini hukaa gizani miaka mingi mfululizo. Mmoja akianguliwa gizani na mwenzake mwangani, ukubwa na udogo umeshapatikana bila "kaka" wala "dada".

Mwandika Usiku: Nawashukuru nyote. Shangazi nimemfuta pamoja na jiko lake. Sasa ndugu ni wale walioshikana mikono katika giza moja ili wasichukuliwe na mkondo, na hadithi inaanza hivi: "Mzazi wetu wa giza alipotuachia mikono, tulijua kwamba Jua limekaribia." Mzee Mvuvi, pweza wako nimemwiba.