Bamama na badada, mwenye mwezi (regle) ya kupindukapinduka anahesabia aje siku za kushika mimba?

Jambo benu, naomba ushauri. Niko Goma, Ndosho, miaka 29, tunaenda mwaka moja na miezi tatu na bwana yangu na mimba haiji. Kila mutu ananiambia siku ya 14, siku ya 14, hata mama bukwe (uyo anahesabia kunipita miye!). Lakini mwezi yangu haifataki siku 28, nimeandika mu kaye miezi sita, ya mufupi ilikuwa 27 ya murefu 36. Muforma mumoja akanielezea kama yai inatokaka karibu siku 14 mbele ya mwezi yenye itakuya, hapana kisha ile yenye imepita, na yai inaishi siku moja tu, ila mbegu ya mwanaume inaweza bakia ndani mpaka siku tano. Akasema nitoe 18 ku mufupi na 11 ku murefu, nikapata siku za kushika mimba ni ya 9 mpaka ya 25. Sasa iyo si karibu mwezi yote?? Na bwana anatumika ku mashua ya Bukavu, anarudiaka wikendi tu.

Benye munafataka ule ute wa ku uke, wa kuteleza kama weupe wa yai ya kuku, juu ya kujua siku zenyewe, munaujua aje? Miye mwezi ingine nauona, ingine hapana. Na ile testi ya mukojo ya ku farmasi, ya kuonyesha kama yai iko karibu kutoka, inasaidia mutu kama miye ao ni kupoteza makuta?

Tena bwana anakataa kupimisha mbegu, ati yeye ni muzima. Benu mulibaambia aje?

Dawa ya majani musiniandikie, nimeisha kunywa ya kutosha.