Jina na nembo ya hazina ya kidijiti: wenzetu walianzia wapi?

Mkutubi_Tabora
Wakutubi wenzangu, salaam. Chuo chetu hapa Tabora kinaandaa hazina ya kidijiti ya tasnifu na makala za wahadhiri kwa programu ya DSpace, nami nimetakiwa kupendekeza jina na nembo. Kilichopo mezani ni kifupisho cha herufi saba ambacho hata mwenyekiti wa kamati hukisoma kwa kusitasita. Vyuo vingine vilipataje majina yao?

Wa_Ujiji
Ndugu, mfano unaonivutia ni wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, ambacho hazina yake huitwa HUSCAP. Herufi hizo zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkusanyo wa maandiko ya kitaaluma wa chuo hicho, lakini mwenyeji akilisikia jina hukumbuka haskap, tunda dogo la buluu iliyokolea linaloota katika kisiwa cha Hokkaido, ambalo jina lake lina asili katika lugha ya Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Kyoto nao wana KURENAI, neno la Kijapani la rangi nyekundu. Tunda na rangi vinachoreka. Kifupisho kitupu hakichoreki.

Mrina_Asali
Kwa nini msianzie kwenye miombo? Mzinga hutundikwa mtini, nyuki wakaujaza kidogo kidogo kutoka maua mbalimbali, kama wahadhiri wanavyoleta makala moja moja (wengine mpaka wakumbushwe). Tatizo ni kwamba Mzinga ni pia shirika la jeshi kule Morogoro, na Sega ni kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, kwa hiyo atakayewatafuta mtandaoni atapotelea huko. Mimi ningechagua Masega.

Mkutubi_Tabora
Nashukuru sana. Nimechapa michoro miwili kwa ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kwa kuwa hivyo ndivyo nembo itakavyoonekana kando ya jina la ukurasa. Mwembe, ambao kamati iliupenda kwa sababu ya miembe ya kale ya mji wetu, umegeuka doa jeusi, ilhali vyumba vitatu vya sega vyenye pembe sita vinaonekana vizuri. Mjumbe mmoja ameuliza herufi za Masega zinasimamia maneno gani, nami nimemjibu kwamba hazisimamii chochote.