KCSE, mtihani wa kidato cha nne, imeisha, sasa watoto wetu wanauziwa vyeti vyao wenyewe

Wazazi wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza makali. Jina la shule silitaji kwa sababu cheti cha binti yangu bado kitapitia mikononi mwao. Ni shule ya umma ya bweni upande wa Nakuru, na sisi tunaishi Kisumu.

Siku ya karatasi ya mwisho, hata wino haujakauka, watahiniwa walipangwa foleni na fomu ya kliaransi, ya kuthibitisha kwamba hawadaiwi kitu. Maktaba itie sahihi, maabara itie sahihi, jikoni, bweni, michezo. Binti yangu alirudisha kila kitabu na sahihi ya maktaba anayo. Bado akaandikiwa deni la shilingi 3,400, eti kuna vitabu vilivyopotea na loka zilizovunjika kidato cha nne, hivyo hasara imegawanywa kwa wote. Nikampigia mhasibu. Akanijibu, "Mama, hiyo ni ya darasa zima, si ya mtoto wako peke yake. Tuma tu ndiyo aachiliwe."

Aachiliwe? Alikuwa amefungwa kwa kosa gani?

Na hivyo vitabu ni vya nani? Tangu 2018 serikali imekuwa ikivipeleka shuleni moja kwa moja, kwa kodi yetu. Aliyepoteza kitabu akilipe, hapo sina neno. Lakini mtoto aliyetunza chake miaka minne anaadhibiwa kwa sababu gani? Tena kuna ile pesa ya tahadhari tuliyolipa 2022 walipoingia kidato cha kwanza. Tuliambiwa ni ya kufidia vitu vikivunjika, na isipotumika tutarudishiwa mtoto akimaliza. Nilipoiulizia, simu ikakatwa. Nikapiga tena, haikushikwa.

Nilikopa, nikatuma. Sanduku na godoro vikatolewa nje ya geti saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha. Wasichana wakaambiwa hakuna mtahiniwa atakayelala shuleni usiku huo, na chakula cha jioni hawakupewa. Kuna wa Kisumu, wa Siaya, wa Busia, wote wakasukumwa barabarani kutafuta matatu saa hiyo. Kericho walipita giza limeshaingia. Wangu alishukia Kondele, hapa Kisumu, usiku mkubwa, mimi na kaka yake tukiwa steji tunamngoja, na wenzake wawili wakawa bado wana safari ya kwenda Bondo. Tuliwachukua wakalala kwetu. Je, tusingekuwepo? Mkuu wa shule hii kila mkutano wa wazazi hutwambia, "Hawa ni mabinti zangu." Nani hutoa binti yake nje saa hiyo kwa sababu ya loka?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa ni watoto ambao hawajawahi kupata mwaka mmoja mtulivu. Korona iliwakuta darasa la saba, wakakaa nyumbani kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021. KCPE yao, mtihani wa darasa la nane, ikafanywa Machi 2022. Mei wakaingia kidato cha kwanza, na Novemba hiyo hiyo kikawa kimekwisha, kazi ya mwaka imefinywa humo. Mwaka 2024 muhula wa tatu ukafunguliwa na mgomo wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari. Kidato cha nne chenyewe, kila mara wanatolewa darasani kurudishwa nyumbani kwa karo, wanapanda matatu kuja kuchukua elfu mbili, nauli yenyewe inakula karibu nusu. Pesa za masomo ya ziada tulilipa pia, bila risiti. Pamoja na hayo yote wameketi wakaandika mtihani wao. Walistahili kupewa mkono, kuombewa, na kulala usiku mmoja wa mwisho na marafiki zao kwa amani.

Najua kuna watakaosema shule hazina pesa. Ni kweli hazina. Serikali inafaa kuzitumia shule shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba serikali haiwezi kuzilipa zote. Wauza mahindi na maharagwe wanadai, wafanyakazi wa jikoni wanadai. Naelewa. Lakini basi wakuu wa shule wasimame mbele ya wizara walie huko. Wasimgeukie msichana wa miaka kumi na minane mwenye sanduku kichwani, kwa sababu yeye ndiye hana wa kumtetea getini.

Bado hawajamaliza na sisi. Cheti chake cha kuondoka shuleni wamekizuia kwa "salio" la karo ambalo basari ya CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, ilishalilipa kwa hundi, ila wao hawajaiingiza kwenye vitabu vyao. Nimeambiwa cheti cha KCSE nacho kikija kitakaa kabatini. Kitakaa kwa sheria ipi? Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 inasema wazi kwamba cheti cha mtahiniwa hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Haisemi "isipokuwa akiwa na salio." Wakuu wa shule wanaijua. Wanategemea sisi tusiijue, au tukiijua tuogope.

Mimi nataka risiti ya hizo 3,400 inayoonyesha kitabu gani na loka ya nani. Nataka pesa ya tahadhari irudi. Na nataka cheti cha kuondoka bila kuzungushwa.

Jumatatu naenda ofisi ya elimu ya kaunti pale Nakuru, nikiwa na fomu yenye sahihi zote, nakala ya hundi na ujumbe wa M-Pesa. Kama mtoto wako amemaliza shule za upande huo na akatozwa hasara ya darasa zima, andika hapa chini na uhifadhi ujumbe wako wa malipo, usiufute. Tukiingia pale watu kumi wenye karatasi mkononi hawatatuambia turudi kesho. Na aliyewahi kukitoa cheti kilichozuiliwa, tafadhali aseme alipitia ofisi gani na aliandika barua kwa nani.