UKOO WA BIBI 🌴 (Safari ya Kaole na Saadani)

Baba Zuhura: Tumetoka Bunju saa 12 asubuhi, sasa tupo kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo. Wote wazima, ila Hamadi katapika ndani ya Noah.

Shangazi Tatu: Pole yake. Mmempa tena chai ya maziwa?

Mama Zuhura: Wifi, muulize kaka yako 😏

Baba Zuhura: 📷 Msikiti wa karne ya 13. Kibla bado kimesimama.

Zuhura: Bibi shikamoo. Kuna makaburi yana nguzo ndefu! Moja ina vishimo vya duara, mwongozaji anasema vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Nimeingiza kidole, chokaa bado nyororo.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Na vibakuli nani kavichukua?

Zuhura: Nimemuuliza, kacheka tu.

Mjomba Seif: Hapo si palikuwa bandari? Mbona bahari siioni kwenye picha

Baba Zuhura: Mikoko imeziba, shemeji. Majahazi yangepita wapi?

Shangazi Tatu: Misheni ulikolazwa mwili wa Livingstone mtapita?

Mama Zuhura: Tumepita mbiombio, jua kali. Zuhura kang'ang'ania habari za Chuma na Susi, watumishi wake walioibeba maiti yake kutoka huko bara mpaka Bagamoyo, 1874. Mimi nilikuwa natafuta kivuli.

*Saa 10:40 jioni*

Baba Zuhura: Saadani! Geti la hifadhi mtandao ulisumbua, namba ya malipo imekuja baada ya nusu saa. Twiga tumemwona. Hamadi kapenda kaa wa ufukweni kuliko twiga 🤦🏾‍♂️

Bibi: Hapo ndipo kwao bibi yangu mzaa baba, Mzigua. Wadachi walipopiga mizinga alikuwa mgongoni kwa mama yake, wakakimbilia porini. Sisi tukikataa kulala tulitishiwa mizinga hiyo hiyo.

Mjomba Seif: Hiyo ni 1889, vita vya Bwana Heri, mtawala wa Saadani. Mji ukachukuliwa, yeye akaendelea kupigana mpaka 1890.

Zuhura: Bibi hujawahi kutuambia!! Hapa kijijini tumeonyeshwa makaburi ya Wajerumani.

Bibi: Na ya kwetu?

Zuhura: Sijayaona Bibi. Ngoja niulize wazee wa hapa.

Mama Zuhura: Aulize kesho. Gari limezama kwenye tope, lile jeusi la kunata. Baba yenu alisema "linapita hili".

Baba Zuhura: Lilikuwa linapita.

Shangazi Tatu: 😂😂😂 Simba je?

Mama Zuhura: Wifi usinitie hofu. Askari wa hifadhi wanakuja na kamba. Tunakula pilau ndani ya gari, vioo tumefunga.

Zuhura: 📷

Bibi: Zuhura, hiyo hotipoti ya bluu si yangu? Nani kaichukua?

Baba Zuhura: Mama, mtandao unakatika huku