Rimoti ya kamkoda ya nje: Wi-Fi, redio au LANC? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Ngosha_Kirumba
Wakuu, habari za mchana. Mwezi ujao ndondo la mtaani kwetu linaanza na nimepewa kazi ya kurekodi mechi zote. Nimechongesha mlingoti wa mabomba kwa fundi wa kuchomelea, unapanda mita 6, kamera inakaa kule juu. Shida ni kuiendesha nikiwa chini: kuwasha rekodi, kukata, na zumu. Nimeona kuna za simu kwa Wi-Fi, kuna za redio, na kuna kitu wanaita LANC. Bajeti laki tatu. Nichukue ipi? Na msiniambie nipande ngazi.

Fundi Pweza
Kamera gani, mkuu? Unauliza dawa hujataja ugonjwa.

mama_shughuli
Na wewe mwenyewe utasimama wapi? Chini ya mlingoti au upande wa pili wa uwanja? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kadogoo
Wi-Fi tu kaka, usihangaike. Nina Sony AX53, nimeweka programu yao kwenye simu, picha naiona yote, zumu navuta kwa kidole, rekodi nabonyeza hapo hapo. Sijalipa hata shilingi. Hayo mengine ni ya zama za kanda.

Fundi Pweza
Kadogoo, wewe unarekodi sebuleni. Peleka hiyo AX53 uwanjani watu mia tatu, kila mmoja na simu mfukoni, halafu uje utusimulie. Wi-Fi ya kamera ni 2.4 GHz, na mwili wa mtu ni maji matupu, unaimeza. Asubuhi unajaribu, inafika mita 20. Saa kumi jioni watu wamejaa, mita 8 tu skrini inaganda.

Kadogoo
Usitie chumvi. Kamera iko juu mita 6, watu wako chini. Kati ya simu na kamera kuna nani, kunguru?

mama_shughuli
Hapo Kadogoo ana hoja. Ila mimi kilichonikera kwenye Wi-Fi ni simu yenyewe. Nilikuwa kwenye sendofu ya nje, bibi harusi mtarajiwa anaingia, mie ndio naanza kuvuta zumu, shangazi akapiga simu kuuliza chakula kimefika. Programu ikaganda, na kurudi kwenye mtandao wa kamera ikanichukua muda mpaka binti kashakaa. Siku hizi natenga simu isiyo na laini kwa kazi hiyo tu.

Ngosha_Kirumba
Asanteni. Nitasimama chini ya mlingoti, labda mita 3 pembeni. Vipi hizi rimoti ndogo za redio za bei chee, unachomeka kipokezi kwenye kamera, kitufe unabaki nacho mkononi?

Mzee wa Kanda
Kijana, kaa kitako nikueleze.

Nilikuwa nayo. Fundi mmoja aliniungia kipokezi kwenye kamkoda yangu ya zamani, kitufe kimoja tu: bonyeza irekodi, bonyeza ikate. Nikachukua kazi ya fainali ya shule moja, kamera nikaipandisha juu ya stendi ndefu nyuma ya goli. Refa anapuliza, nabonyeza. Sioni kitu, maana taa ya kamera inatazama uwanjani, mimi nipo nyuma. Nikaona labda haijashika. Nikabonyeza tena.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ile ya kwanza ilishika. Ile ya pili ikakata. Kipindi cha kwanza chote kamera imelala. Mapumziko nikabonyeza "kukata", ikaamka. Kipindi cha pili nikabonyeza "kuanza", ikalala. Filimbi ya mwisho nikabonyeza tena, ikaamka kwa furaha zake.

Nimefika nyumbani usiku nafungua: dakika 15 za watoto wananyonya machungwa na mwalimu wa michezo anawafokea. Mbuzi mmoja anakatiza kati ya uwanja taratibu, fokasi safi kabisa. Halafu baada ya mechi, kombe linatolewa mbali upande wa pili, huoni kitu, kisha nyasi zinasogea karibu, stendi inashushwa, na sauti yangu mwenyewe namwambia kijana wangu, "Leo tumepiga kazi." Baada ya hapo ni giza la begi mpaka betri ikaisha.

Mabao matano. Sina hata moja. Hela nilirudisha yote, na shule ile nikipita naangalia upande wa pili wa barabara.

Kadogoo
Hahaha mbuzi ana fokasi 😂😂

Fundi Pweza
Pole mzee, lakini umemjibu Ngosha kuliko sisi wote. Rimoti ya upande mmoja inaamrisha, haisikii jibu. LANC inaongea pande zote mbili. Ni kitu cha Sony cha zamani, Canon nao wakakichukua. Kijitundu cha milimita 2.5, nyaya tatu: ardhi, umeme, na wa mazungumzo. Rimoti inasema "rekodi", kamera inarudisha jibu kwamba inarekodi, na rimoti nyingi zina taa ndogo inayokuwakia mkononi. Na zumu ina kasi: ukigusa kidogo inakwenda polepole, ukikandamiza inakimbia.

Sasa ndugu yangu, kwa mara ya pili, KAMERA GANI?

Ngosha_Kirumba
Samahani wakuu, nilidhani nimeandika. Ni Canon XA11, ya mkononi. Kwenye menyu nimetafuta Wi-Fi sijaiona.

Kadogoo
Haina Wi-Fi hiyo! Yaani tumebishana muda wote huu kumbe haina?

mama_shughuli
😂 Uzi ungeisha kwenye jibu la pili. Ile rimoti yake ya boksini umeijaribu?

Ngosha_Kirumba
Ndani inafanya kazi vizuri. Nje mchana lazima niende mbele ya kamera niinyooshee kama nampungia mtu.

Fundi Pweza
Hiyo ni ya mwanga usioonekana, na jua nalo linamwaga mwanga huo huo, inazidiwa kelele. Isahau. XA11 ina tundu limeandikwa REMOTE, hilo ndilo la LANC. Ila uwe makini dukani: rimoti za kamera za picha za mnato nazo zina plagi ya 2.5. Inaingia vizuri kabisa na haifanyi lolote, maana ile inagusanisha nyaya tu, haiongei. Panasonic nao wana tundu la ukubwa huo huo na lugha yao wenyewe. Usinunue kwa kupima tundu.

Na mita 6 tu, redio ya nini? Chukua LANC ya waya na kirefusho cha mita 10. Mimi nimetumia urefu huo miaka na haijanisumbua. Kifunge waya kwenye bomba kila nusu mita, la sivyo uzito wake unaning'inia kwenye plagi, na tundu lenyewe ni laini.

Mzee wa Kanda
Waya. Waya. Waya.

Pwani_Tupu
Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwazungumza zumu, hakuna aliyeuliza kamera yenyewe itageuzwa na nani. Mpira ukienda kona ya kushoto, hiyo zumu yako yavuta nini, kaka? Wahitaji kichwa cha mota cha kuigeuza kamera, ama uweke upana wote na zumu uiache kabisa. Na picha waitazamia wapi?

Ngosha_Kirumba
Dah. Hilo la kugeuza sikuliwaza. Picha nilitaka nishushe waya wa HDMI mpaka kwenye kitivii kidogo.

Pwani_Tupu
Basi laki tatu yako ishakwisha na hujanunua rimoti.

Kadogoo
Kwa nini usirushe droni?

Fundi Pweza
Hela ya kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, utamlipia wewe? Na betri ya droni nyingi inakaa nusu saa hivi, mechi ni dakika 90.

Kadogoo
Betri tatu.

Fundi Pweza
Na kila ukibadilisha, bao linaingia. Muulize mzee.

mama_shughuli
Ngosha, na upepo wa ziwa jioni? Mlingoti wa bomba mita 6 bila kamba utacheza kama mnazi. Funga kamba tatu, na mtoto asipite hapo.

Ngosha_Kirumba
Kamba zipo nne. Nimepata LANC ya waya iliyotumika, muuzaji anasema ilikuwa kwenye Sony. Nitaenda na kamera yenyewe niijaribu pale pale. Kichwa cha mota bado nawaza, au nimweke kijana ashike kamba mbili, avute kushoto na kulia.

Pwani_Tupu
Kamba mbili kama usukani wa jahazi. Yaweza kufaa, wallahi.

mtazamaji07
Kwa hiyo mwaka huu ndondo la Kirumba lina VAR? Refa wa pale anajua?

Ngosha_Kirumba
Hajaambiwa.

mtazamaji07
Basi hakikisha na wewe una njia ya kutokea.

Kadogoo
Mzee wa Kanda, ile ya mbuzi bado unayo? Itume.