Wahamaji wasio na farasi wanapiganaje na jeshi la safu?

Mtunzi_Usiku
Wakuu, naandika riwaya ya dunia ya kubuni na nimekwama sura ya tisa. Wasaku wangu ni wafugaji, wanahama na ng'ombe kufuata mvua. Farasi hawana, mbung'o wamewamaliza. Wanakutana na jeshi la mji wenye kuta: watu 2,000, ngao bega kwa bega, mikuki mirefu. Wasaku ni 600. Nimeandika pambano hili mara tatu, na kila mara linatoka kundi la watu wanaokimbia wakipiga kelele, kisha wanashinda kimuujiza. Uchawi sitaki. Wabebe silaha gani, wapigane vipi?

Mchunga_Mbuzi
Mkuu, anza na kilichomo mkononi mwa mchungaji kabla vita haijaja. Nimechunga mbuzi mpaka nina miaka 14, na mtoto wa malishoni ana shabaha ya jiwe ambayo askari wa kambini haipati hata kwa mwaka wa mazoezi. Kwa hiyo kombeo liwemo. Mawe hayataua wengi, ila yatamlazimisha adui ainue ngao, asogee, akasirike.

Chuma usiwajazie. Mhamaji hana mgodi. Chuma anakipata kwa wahunzi wachache au kwa biashara, basi kiishie kwenye ncha ya mkuki na upanga mfupi. Ngao iwe ya ngozi: Watuareg wa Sahara walitumia ya choroa, yule swala mkubwa wa jangwani, Wamaasai ya nyati. Upinde wa pembe na mishipa, kama wa Wamongolia, uache. Watu wako wanafuata mvua, na gundi ya upinde ule haipatani na unyevu.

Korongo
Kwenye mbinu, tazama Tamai, mashariki mwa Sudan, 13 Machi 1884. Wahadendoa ni wafugaji wa ngamia, lakini siku ile wengi walipigana kwa miguu, kwa mikuki na panga, dhidi ya Waingereza wenye bunduki waliojipanga mraba. Walijificha korongoni. Askari wa mbele wakatoka mbio kushambulia, wenzao wakabaki nyuma, pengo likafunguka. Wahadendoa wakaingia papo hapo, mraba ukavunjika. Waingereza waliokolewa na mraba wao wa pili, uliokuwa jirani.

Pengo lile Waingereza walilifungua wenyewe! Wasaku wasiiguse safu mpaka ijipinde. Makombeo asubuhi nzima, adui afukuze mara mbili tatu juani. Ukishaipita ncha ya mkuki mrefu, mwenye nao hana la kukufanya. Hapo ndipo upanga mfupi na rungu.

Mtunzi_Usiku
Nimeelewa, asanteni. Ila kamanda wa mji ana akili. Kwa nini afukuze? Si atatulia tu?

Mchunga_Mbuzi
Akitulia, atatulia kisimani. Kwenye vita ya Hattin, Palestina, 1187, jeshi la Wakristo wa Msalaba lilikuwa limeshalegea kwa kiu lilipomalizwa na Salahuddin, na kamanda wako hatataka yamkute hayo. Atakalia maji na kungoja mifugo yenu ife. Hilo ndilo lingenitisha mimi, kuliko mikuki yake.

Lakini nimeona kundi lenye kiu. Halisikii fimbo wala mluzi. Likinusa maji, linakwenda.

Korongo
Basi waachieni ng'ombe upande ambao upepo unatoka kisimani kuja kwao. Vumbi litarudi nyuma na kuwafunika vijana wanaofuata. Safu itawachoma ng'ombe wengi, ila haitabaki imenyooka.

Mtunzi_Usiku
Kwa hiyo sura inaanza usiku wa kuamkia pambano. Kuna mzee ana fahali 40 ambao hawajanywa siku mbili, na wanawe wamekuja kumwomba awatoe wote. Naanza kuandika sasa hivi.